Siku Tano Bila Munyu

Ngano inayoota ndani ya chungu ina harufu yake. Si ya unga wala ya mkate. Ni harufu ya udongo uliolala na maji, yenye ubichi kidogo wa majani yaliyokatwa asubuhi. Jana niliingia jikoni kwangu kutafuta kijiko, harufu ile ikanipokea mlangoni, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kabla akili haijajua sababu. Binti yangu alikuwa ameweka chungu chake dirishani. Ana miaka minane, na mwaka huu anafunga funga yake ya kwanza.

Niwaambie mapema ili tusisumbuane: mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga duka hurudi mara mbili kuutikisa mlango. Nikiona simu ya mtu wa nyumbani saa isiyo yake, mikono hunitoka jasho kabla sijaipokea. Mume wangu husema kama kuhofia ni kazi, mimi ningekuwa nimeshastaafu kwa heshima. Hofu nyingine zote sijui zimetoka wapi, lakini hofu ya chungu cha ngano naijua ilikozaliwa. Ilizaliwa hapa hapa Msambweni, mwaka nilipokuwa na miaka minane mimi mwenyewe, nilipoamini kwamba nimemuua bibi yangu kwa maji ya kisima.

Sisi ni Wahindi wa huku kusini. Babu yangu alizaliwa Vanga. Baba yangu alizaliwa nyuma ya duka la misumari na rangi ambalo baadaye alilirithi. Bibi yangu, mamake baba, tulimwita Ba, kama Wagujarati wanavyowaita bibi zao, na mtaa mzima ukamwita Ba, hata wazee waliomzidi umri. Alikulia Majoreni, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kizito na kitamu. Aliomba kwa Kigujarati na akagomba kwa Kiswahili, kwa sababu, alisema, Kigujarati hakina maneno ya kutosha. Ua wetu ulipakana na wa Bi Mwanamisi, mama wa Kidigo mjane kama Ba, ambaye mwanawe wa mwisho, Mejumaa, alikuwa darasa moja nami. Baina ya nyumba hizi mbili palikuwa na kisima kimoja, tukikitumia pamoja.

Mnajua kwamba Wahindi hufunga, lakini najua pia ukiwauliza watu tunafungaje, watakwambia tunaacha nyama, na wengi wetu nyama yenyewe hatuijui ladha. Funga zetu ni nyingi. Kuna ya kuacha nafaka siku ya kumi na moja ya mwezi, kuna ya mlo mmoja kila Jumatatu, kuna ya kutogusa hata maji. Ba alizijua zote na alizifunga karibu zote, na nadhani zilimfaa, maana alikuwa mwembamba na mwepesi wa kuinuka. Tumbo nalo ni mfanyakazi, alikuwa akisema, lapaswa kupewa Ijumaa yake.

Ya wasichana ni nyingine kabisa. Huja wakati wa kusi, katika ile baridi yetu ndogo ya mwezi wa saba ambayo hutufanya tuvae sweta na watu wa bara watucheke. Kwa siku tano msichana huacha chumvi. Kula hula: maziwa, ndizi, chapati iliyopakwa samli, uji wa ngano wenye sukari na hiliki. Chumvi tu ndiyo haipiti mdomoni. Na kabla ya siku hizo hupanda ngano katika chungu kidogo, ili funga ikianza iwe imeshatoa majani. Kila asubuhi huimwagilia, huivisha utepe wa pamba wenye madoa mekundu, na mbele yake humwomba Mama Gauri, mungu wetu wa kike. Siku hizo tano chungu kile si chungu tena. Hakichezewi, hakichimbwi, hakihamishwi hovyo. Watu wazima husema msichana huomba mume mwema, na hufunga hivyo miaka mitano mfululizo mpaka akapata haki yake.

Mimi mume sikumtaka. Nilikuwa na haja nyingine, na sikumwambia mtu.

Wiki chache kabla, Ba aliamka kichwa kikimwanga na macho yakimwonyesha vimulimuli. Baba alimpeleka hospitali, nami nilikwenda kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunizuia. Daktari alikuwa kijana wa Bongwe mwenye ndevu fupi. Alimpa Ba shikamoo kwanza, ndipo akampa habari mbaya. Presha ilikuwa juu sana. Akamwandikia vidonge, kimoja kila asubuhi, siku zote za maisha yake.

"Na chumvi uiache, mama," alisema. "Usipoiacha wewe, itakuangusha."

Ba alimwitikia kwa adabu yote. Tulipofika nje ya geti akasema hata ng'ombe hulambishwa chumvi, seuze yeye. Jioni ile alikula achari ya ndimu mpaka mama akaichukua chupa. Na msidhani alikuwa mlafi. Chumvi ilikuwa ndiyo raha yake ya mwisho. Mjane wa zamani zake hakuvaa rangi, hakutia maua nywele, hakwenda harusini akakaa mbele. Papadi, zile chapati kavu za dengu, embe mbichi ya chumvi na pilipili, na kile kikopo chake kidogo cha chumvi kando ya sahani, hivyo hakuna aliyemnyang'anya. Bi Mwanamisi, aliyekuwa na ruhusa ya kumwambia Ba lolote, alimwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ba akamjibu kwamba maradhi yake hayakufichwa, yameshasikika hadi sokoni.

Basi kwa akili yangu ya miaka minane, mambo yalikuwa wazi. Chumvi inataka kumuua Ba. Ba hawezi kuiacha. Kwa hiyo nitaiacha mimi, na Mungu atapokea yangu badala ya yake. Sikuona kasoro yoyote.

Siku ya kwanza niliamka mapema, nikaoga maji baridi, nikakaa mbele ya chungu changu. Majani ya ngano yalikuwa yamefika urefu wa kidole, membamba, yote yameelekea dirishani. Ba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nyuma yangu akitunga asumini ya kupamba. Sikumjali, kwa sababu sote tulijua sikio la Ba ni zito. Ukitaka kumwita ulilazimika kumwendea. Nikainama nikanong'ona. Nilimwambia Mama Gauri kwamba mume abaki naye, mimi anipe Ba, asife. Nikarudia mara tatu, ili isije ikawa ya kwanza haikufika.

Adhuhuri ya siku ile ile Ba alitangaza kwamba atafunga nami. Alisema mtoto hafungi peke yake, na kwamba siku tano bila chumvi si kitu kwa mtu aliyewahi kukaa bila maji. Baba aliacha kutafuna. Mama alikiondoa kile kikopo cha chumvi mezani haraka, kabla Ba hajabadili mawazo. Nami nilijiona nimeshinda. Sikuwahi kudhani Mungu hujibu upesi namna ile.

Na kweli, funga ile ilimfaa, msije mkasema baadaye sikuwaambia. Siku ya pili, miguu ya Ba, ambayo kwa miezi ilikuwa imevimba hata vifundo havionekani, ilianza kurudi umbo lake. Bangili yake ya fedha, iliyokuwa imembana, ikateleza hadi kwenye kiwiko alipoinua mkono, naye akaushusha na kuuinua tena ili kila mtu aone. Baba alisema daktari ameshindwa na funga imeweza. Kila asubuhi mama alimpa Ba kidonge chake kwa mkono wake mwenyewe pamoja na gilasi ya maji, Ba akakitia mdomoni, akanywa, akarudi kwenye kigoda chake karibu na chungu changu. Nyumba ilikuwa na furaha. Ilidumu mpaka saa tisa alasiri.

Mejumaa ndiye aliyeivunja, wala hakukusudia. Mifereji ilikuwa imekauka wiki nzima. Maji ya kunywa yalitujia kwa mkokoteni katika madumu ya manjano, na yakiisha tulivuta ya kisimani. Ya kupikia mama aliyateka kisimani moja kwa moja. Alasiri ile nilikwenda kuvuta ndoo, nikamkuta Mejumaa pale akiosha sufuria, nikajivuna kwake kwamba nina siku mbili sijagusa chumvi hata punje. Akanitazama, kisha akaitazama ndoo yangu.

"Na haya maji mwayapikia?" akauliza. "Haya si yana munyu?"

Munyu ni chumvi kwa Kidigo. Nikatia kidole ndooni, nikakiramba. Nilikuwa nimeyatumia maji yale tangu kuzaliwa, na nadhani ile ndiyo mara ya kwanza nilipoyaonja. Yalikuwa na munyu. Si mwingi, lakini ulikuwepo, pale kwenye ncha ya ulimi, nao ukakaa. Nikaufikiria ule uji. Nikafikiria chapati zote nilizokula tangu jana, unga wake ulikandwa kwa maji gani?

Nilimuuliza Mejumaa kwao inakuwaje mtu akifunga Ramadhani halafu akala bila kujua. Mejumaa alikuwa hodari madrasa, akanijibu kwa uhakika kwamba ukila kwa kusahau funga haiharibiki, ni Mungu amekulisha. Nikapumua. Kisha akakunja uso, kwa sababu alikuwa mtoto mkweli, akasema, "Lakini wewe sasa umeshajua."

Hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Maji nikakataa. Nikamwambia mama nataka madafu tu, na mama, akidhani ni ibada imenikolea, akafurahi. Jioni Mejumaa akaja na habari kwamba mamake anasema hata dafu la mnazi wa pwani huwa na munyu kidogo. Nikaacha madafu. Upepo wa kusi ulipovuma kutoka baharini nilifumba mdomo, maana nilijua midomo huwa na ladha ukiilamba. Nilikaa kivulini nisitoke jasho. Mejumaa, kwa kunisaidia, akanikumbusha kwamba machozi nayo yana munyu, na tangu hapo nikawa nahofia hata kulia. Msiniulize nilipataje usingizi. Kila nilipofumba macho nilimwona Ba, na nilimwona Mama Gauri akikirudisha kile nilichompa, kwa sababu kilikuwa na dosari.

Siku ya tatu niliona kitu chunguni. Upande mmoja, ule ulioelekea kigoda cha Ba, majani ya ngano yalikuwa yameanza kugeuka manjano na kulala. Nilijua ni adhabu. Nikasubiri mama atoke, nikayainua yale majani kwa kidole kimoja, taratibu, nikaona kitu cheupe chini yake. Nikachimbua udongo kidogo. Vilikuwa vitatu. Viwili vilikuwa vimelowa na kufura hata havina umbo, lakini cha tatu kilikuwa kigumu bado, cheupe, na mstari katikati. Kidonge hicho nilikijua vizuri sana. Nilikuwa nimekiona mkononi mwa mama asubuhi ile ile.

Nikavifukia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nilikuwa na sababu, na wakati ule zilionekana kubwa. Ya kwanza, chungu hakichimbwi, na mimi nilikuwa nimekichimba. Ya pili, Ba alizijua funga zote. Kama ametia vidonge vyake kwa Mama Gauri, basi ndivyo inavyofanywa, pengine ni kuvibariki. Ya tatu ndiyo iliyonifunga mdomo. Nikimwambia mama jambo la chungu, ataniuliza na mengine, na itajulikana kwamba funga yangu imeharibika tangu siku ya kwanza na kwamba nimenyamaza. Nilikuwa namwogopa Mungu, namwogopa mama, naogopa maji. Kidonge hakikunitisha hata kidogo. Nikanawa kidole changu, halafu nikakumbuka ni maji ya kisima, nikakifuta kwenye gauni.

Asubuhi ya siku ya nne Ba alikuwa uani akianika sari yake nyeupe. Asubuhi hiyo alikuwa amesema kichwa chamwanga kidogo, akalaumu njaa. Nilikuwa nimekaa kizingitini, midomo imenikauka, nikimtazama akiinua mikono kwenye kamba. Sari ndiyo iliyoanguka kwanza. Ba akaitazama ilivyoanguka, akanyoosha mkono wa kushoto kuiokota, na mkono haukwenda alikoutaka. Akageuza uso kunitazama mimi, na upande mmoja wa uso ule haukuwa wake. Kisha akakaa chini, polepole kama anayekaa mkekani, akalala.

Mama alipiga ukelele. Bi Mwanamisi alipita kwenye pengo la ua akiwa na mikono ya unga. Baba akaja na gari la duka, lile la kubebea mabati, wakamlaza Ba nyuma juu ya magunia, mama akakaa naye ameshika kichwa chake, wakaenda. Yote yalikwisha mara moja. Nikabaki nimesimama pale penye sari, na machozi yakanitoka yenyewe, yakashuka mashavuni, yakafika mdomoni, nikayatema. Yakashuka mengine, nikatema tena.

Bi Mwanamisi alidhani nimekula kitu kibaya. Akanishika mabega, akaniuliza nina nini, na mimi nikafunguka kama mfuko uliopasuka. Nikamwambia ni mimi niliyemuua Ba. Nikamwambia habari za munyu wa kisimani, na za madafu, na za upepo, na kwamba sasa hata machozi yameingia. Bi Mwanamisi alikuwa akinifuta uso kwa pindo la leso, akisema masikini mwanangu, masikini mwanangu, maji hayajamuua mtu. Nikamwambia hakika yameua, kwa sababu Mungu ameonyesha dalili, majani ya chungu changu yamekuwa manjano upande wenye dawa za Ba.

Leso ikasimama shavuni mwangu.

"Dawa gani?" akasema Bi Mwanamisi.

Nikamwambia. Nilimwambia kama jambo dogo, la pembeni, kwa sababu kwangu lilikuwa dogo. Akanishika mkono, tukaingia ndani, nikamwonyesha. Alisimama mbali kidogo na chungu, mikono nyuma. Aliniambia yeye hawezi kugusa kitu cha ibada yetu, ni adabu, itabidi nivitoe mimi. Nikasema siwezi, chungu hakichimbwi.

"Chimba, mwanangu," alisema. "Mungu hakasiriki kwa hilo. Na akikasirika, mwambie ni mimi niliyekutuma."

Nikachimba. Vilikuwa vinne sasa. Alivifunga katika pindo la leso yake pamoja na udongo, tukatoka mbio kwenda hospitali, yeye na mikono yake ya unga, mimi na kucha zangu nyeusi. Sijawahi kumwona mwanamke wa umri ule akienda vile. Yule daktari wa Bongwe alikuwa akimuuliza baba kama mama yake anameza dawa, na baba alikuwa akiapa kwamba ndiyo, kila siku, mkewe humpa kwa mkono. Bi Mwanamisi alifungua pindo la leso juu ya meza. Daktari alivitazama vile vidonge na ule udongo wake, na baba akakaa kwenye kiti ambacho hakikuwa chake.

Hakufa. Naharakisha kuwaambia, kwa sababu mimi mwenyewe sipendi kuwekwa roho juu. Presha ilishushwa, uso ukarudi mahali pake baada ya siku kadhaa, lakini mkono wa kushoto haukurudi wote. Hakuweza tena kusukuma papadi, wala kutunga asumini. Siku ya pili alipoweza kusema vizuri, daktari alivuta kiti akakaa karibu naye. Alimwambia ile chumvi aliyoiacha imemfaa, miguu yake inasema, na aendelee hivyo hivyo. Zilizomwangusha ni dawa alizoacha ghafla. Akamwambia naye hufunga, na kwao mgonjwa ana ruhusa. Akamuuliza kama kwetu hakuna ruhusa.

"Ruhusa ipo," alisema Ba. "Sikuitaka."

Zaidi ya hapo hakusema, na watu wakasema ni ukaidi wa uzee.

Siku ya kupeleka chungu baharini tulikwenda mama, mimi na Mejumaa, ambaye mamake alimruhusu kuja kutazama bila kushika. Ngano ya funga hii haitupwi, hutiwa majini. Wengine wana mto, sisi tuna bahari. Nilikipeleka chungu changu hadi maji yakanifika magotini, nikakiinamisha. Majani yakaelea, ya kijani na ya manjano pamoja, na mizizi yake ikawa imeshika umbo la chungu, na upande mmoja wa ule udongo ulikuwa na shimo nililolichimba kwa vidole vyangu. Wimbi dogo likanipiga usoni. Munyu ukaingia mdomoni, mwingi, wala sikutema. Tuliporudi, mama alinipikia wali na dengu zilizokolea chumvi kufungulia, na mimi nikaomba niwekewe pembeni chakula cha Ba.

Kwa maana Ba hakuirudia chumvi. Alimwambia daktari kwamba haiachi kwa ajili yake daktari. Ile ni funga ya mjukuu wake, na mjukuu amebakiwa na miaka minne. Kikopo chake kikatiwa pini za sari. Kidonge nacho alikimeza kila asubuhi, na alinitaka mimi niwe shahidi. Aliniita, akakiweka ulimini, akanywa maji, kisha akafungua mdomo wazi na kuinua ulimi, nami nikachungulia ndani kwa makini kama fundi. Nikisema sawa, ndipo siku ilianza. Tulifanya hivyo hata nilipokuwa msichana mkubwa wa sekondari na ilikuwa aibu.

Mwaka wa tano, nilipomaliza funga yangu ya mwisho, niliketi naye kizingitini nikimtungia asumini kwa sababu mkono wake haukuweza. Nikamuuliza, baada ya miaka yote ile, kwa nini alivifukia. Nilidhani atasema vilikuwa vichungu, au vilimpeleka haja kila saa. Ba alikuwa akitazama kisima.

"Nilikusikia," akasema. "Siku ya kwanza. Sikio hili huwa zito nikitaka tu. Ulinong'ona mara tatu."

Akanieleza, polepole, kama mtu anayekiri kosa la ujanani. Alisema tangu babu afe hakuna mtu aliyewahi kumwombea kitu kwa jina. Watu walimwombea afya kwa jumla, kama wanavyowaombea wazee. Halafu mtoto wa miaka minane anaacha chumvi, anakataa mume, ili yeye asife. Alisema alipokitia kile kidonge mdomoni asubuhi ile, kilimwelemea. Aliona akikimeza, atakuwa amemwambia Mungu kwamba maombi ya mtoto hayatoshi. Ndiyo maana alikitema mkononi, na hakukitupa jaani. Alikipeleka pale pale nilipoombea.

Kwa miaka minne nilikuwa nimejisamehe ule munyu wa kisima, nimejisamehe ule ukimya wa siku ya tatu, nikaona nimebaki safi. Kumbe mwanzo wake ulikuwa midomo yangu mwenyewe, nikimpenda kwa sauti ya chini, na yeye akinipenda zaidi ya akili. Ba aliona uso wangu, akanipiga kofi dogo la goti kwa ule mkono mzima. Alisema nisianze kujihukumu tena, mjinga alikuwa mzee, si mtoto. Mtoto aliomba. Mzee ndiye aliyepaswa kujua kwamba maombi na kidonge havigombani, vinaweza kupita koo moja. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akafa kwa kitu kingine, kitandani mwake, kichwa chake hakimwangi.

Jana, basi, niliingia jikoni kutafuta kijiko. Binti yangu alikuwa ameinama mbele ya chungu, mgongo kwangu, akinong'ona. Nami mwaka huu nimeanza vidonge vyangu. Presha ni urithi, haikuacha familia. Sikio langu si zito. Nilisikia jina analoniita nyumbani kila siku akitaka chai, na akalirudia mara tatu.

Nilisimama pale na kijiko mkononi mpaka alipomaliza. Kisha nikachukua kidonge changu na gilasi ya maji, nikaenda kukaa sakafuni kando yake, nikamwambia anitazame. Nikameza. Nikafungua mdomo, nikainua ulimi. Alichungulia, akashika kidevu changu akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia tena.

"Umemeza kweli?" akauliza.

"Nimemeza."

"Haya," akasema, akakigeukia chungu chake. "Basi naendelea."